Dawa ya kukinga mwili wakati wa kuchomwa mionzi

Mgonjwa wa saratani ya koo au ya mdomo kutoka Msambweni anapopelekwa Mombasa kuchomwa mionzi, jamaa zake hutuuliza sisi madaktari: je, hakuna dawa ya kuukinga mwili ili moto huo ule ugonjwa peke yake?

Dawa ipo, nayo huitwa amifostini. Asili yake ni jeshini. Wakati Marekani na Urusi zikitishana kwa mabomu ya nyuklia, wanasayansi wa taasisi ya jeshi ya Walter Reed walijaribu michanganyiko zaidi ya 4,000 wakitafuta kinga ya askari. Mmoja wao, WR-2721, ndio amifostini ya leo.

Mionzi ikipita mwilini hupasua maji yaliyomo ndani ya seli, zikatokea chembe kali zinazokata nyuzi za urithi. Amifostini huzinasa chembe hizo. Ajabu ni kwamba huingia mwilini ikiwa imelala, kisha ikaamshwa na kimeng'enya ambacho ni kingi katika seli zenye afya kuliko katika uvimbe. Hivyo tezi za mate hupata ngao, uvimbe ukapata kidogo mno.

Marekani iliiidhinisha kwa kazi hii mwaka 1999. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa waliokaukwa na mate kwa kiwango cha kusumbua wakati wa matibabu walikuwa asilimia 51, dhidi ya 78 ya wasioipata. Hilo si jambo dogo. Bila mate ugali haumezeki, na meno huoza upesi.

Lakini haikupunguza vidonda vya mdomoni. Tena hudungwa mshipani kila siku ya mionzi, dakika 15 hadi 30 kabla, na huweza kushusha presha ghafla na kutapisha. Siku hizi kuna mashine zinazolenga kwa ustadi na kuziepuka tezi za mate, ndiyo maana dawa hii haitumiki sana. Kwa maoni yangu, familia isiuze shamba kuitafuta.

Hatari iko kwenye vidonge vya vitamini ambavyo watu hujinunulia ili "kuongeza nguvu". Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waligawanywa. Wengine walipewa vitamini E na beta karotini, wengine vidonge bandia. Waliopewa vitamini walipata madhara machache ya mionzi, lakini matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba walikufa wengi zaidi. Ngao ile huenda iliukinga uvimbe pia. Kwa hiyo mwambie daktari wa mionzi kila unachomeza, hata dawa ya miti shamba.

Kabla ya kuanza, meno yaangaliwe na mabovu yang'olewe mapema, kwani kung'oa baada ya mionzi kunaweza kuozesha mfupa wa taya. Sukutua mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea. Acha sigara, pombe na pilipili. Uji na wali laini wa nazi huteremka vizuri zaidi. Mafuta ya nazi usijipake shingoni kabla ya kuingia chumba cha mashine bila kumuuliza mhudumu.

Matibabu huchukua wiki sita au saba, siku tano kila wiki. Katika saratani hizi, kila siku matibabu yanaporefuka, uwezekano wa kuushinda uvimbe hupungua kwa takriban asilimia 1. Vidonda vikikuzidi, dai dawa ya maumivu siku hiyo hiyo badala ya kubaki nyumbani, na kama kivuko cha Likoni kinakuchosha, tafuta ndugu wa kukaa kwake kisiwani mpaka umalize.