Kipaza sauti cha nje kikinyamaza

Warumi 10:14 inatuonyesha kwamba mtu hawezi kuamini neno asilolisikia. Wako mama wazee na wagonjwa wanaofuata ibada wakiwa nyumbani, kwa kipaza sauti kile cha juu ya paa. Kikinyamaza, tusikimbilie kuchanga pesa za kununua kingine.

Kwanza tuzime ampli. Tupande, tufungue waya kwenye kipaza sauti, kisha tukiguse mara moja tu kwa jiwe la tochi la volti 1.5. Kikilia “tak”, bobini ni nzima. Ugonjwa uko kwenye waya au ampli. Mara nyingi ni pale waya zilipoungwa: mvua imeingia, shaba imekuwa kijani. Tukate, tukwangue, tusokote upya, tufunge vizuri. Kisipolia, kwa kawaida bobini imeungua. Katika vipaza sauti vingi inabadilishwa yenyewe, pembe inabaki.

Kikikoroma, tusiongeze sauti: ndivyo bobini zinavyoungua. Mdomo wa pembe tuuinamishe kidogo, maji yasikae ndani.

Ndugu anayepanda paani naye anahudumu. Tumwombee, na mmoja wetu ashike ngazi. Bwana awabariki.