Sanduku la Bibi na Makumbusho ya Lamu



Ndugu wasomaji, ni nyumba chache miongoni mwetu zisizo na sanduku. Liko uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, na ndani yake mna vitu ambavyo hatuvitumii wala hatuna moyo wa kuvitupa: kanga ya marehemu, kofia ya vito isiyokwisha kushonwa, picha zilizokwisha kufifia, na karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Katika ukoo wetu sanduku hilo lilikuwa la bibi. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, hapakuwa na mmoja wetu huku ugenini aliyeweza kuzisoma karatasi zile. Tulichelea kwamba huenda mna aya za Qur'ani ndani yake, nasi kwa adabu tukazichoma na majivu yake tukayazika. Ilibaki moja tu, iliyokuwa imejikunja katika pindo la kanga. Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja alitusomea. Ilikuwa Kiswahili kitupu. Ilikuwa barua ya bibi kwa dada yake, yenye habari za minazi, deni la nguo, na jina la mtoto wake wa kwanza aliyekufa mchanga, ambaye sisi wajukuu hatukupata kumsikia. Yaliyokuwamo katika karatasi nyingine hatuyajui, wala hatutayajua.

Kwa hiyo tulipojaaliwa kwenda Lamu kwa likizo pamoja na watoto, tuliingia katika Makumbusho ya Lamu tukiwa kama watu waliopotelewa na kitu.

Makumbusho hayo yako ukingoni mwa bahari, katika nyumba ambayo zamani za ukoloni ilikuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza. Yalifunguliwa mwaka 1971 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na nyumba iliyokuwa ya mtawala ikawa mahali pa kuhifadhia vitu vya waliotawaliwa. Humo mna viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa njumu, mapambo ya fedha ya mabibi harusi, na mifano ya vyombo vya baharini. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja na kupigwa tanga la mkeka, uliwashangaza watoto wetu kuliko ndege tuliyofikia.

Fahari ya Lamu ni siwa, ile baragumu kubwa inayopulizwa kwa ubavuni. Ziko mbili zenye sifa: siwa ya Lamu iliyofuliwa kwa shaba, na siwa ya Pate iliyofanyizwa kwa pembe za ndovu, ambayo urefu wake unapita mita 2 na hukadiriwa kuwa ya karne ya 17. Siwa ilikuwa alama ya utawala. Ilipulizwa katika kutawazwa kwa wakubwa, na katika arusi na sherehe za wenye cheo. Mtoto wetu aliuliza, "Na watu wa kawaida je, walikuwa na nini?" Swali hilo halikutuondoka.

Jawabu lake tulilipata mitaani, katika Nyumba ya Kiswahili, ambayo ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kuwa makumbusho. Mgeni huanzia dakani, mahali pa kubarizia wanaume, kisha huingia kiwandani, halafu misana, na mwisho ndani, mahali pa faragha ya wenye nyumba. Ukutani mna zidaka zilizochongwa kwa chokaa, ambamo ziliwekwa sahani za Kichina na vitabu. Katika birika la chooni walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na iko nyumba kati, chumba ambamo mama alijifungulia na ambamo maiti alioshwa. Tulisimama hapo kimya. Huenda mtoto yule wa bibi alizaliwa na kuagwa katika chumba cha namna hiyo.

Ngome nayo ina kisa chake. Ilikamilika mwaka 1821. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mahali walipofungwa watu pakafanywa mahali pa maonyesho na maktaba. Mji wenyewe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Wale wanaodhani historia yetu ni fupi, na wautazame mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate. Uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifichua, chini ya msikiti wa mawe, misikiti mingine iliyoutangulia, na ule wa mwanzo ulikuwa mdogo wa miti, wa karne ya 8. Kwa hakika adhana imesikika katika pwani yetu kwa muda usiopungua miaka 1,200.

Lakini lililotugusa zaidi ni habari za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Msikiti huo una hazina ya miswada ya kale, na miswada hiyo ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Sharti la mpango huo ni kwamba asili haitoki katika nchi yake. Huchukuliwa picha tu. Hivyo msomaji aliye mbali hunufaika, na mwenye mali hanyang'anywi chake. Laiti tungalijua haya kabla ya kuwasha moto wetu!

Ndugu wasomaji, hatuwalaumu walioyafanya tuliyoyafanya, kwani nia ilikuwa njema. Tunalosihi ni kwamba karatasi isiyosomeka isichomwe wala isizikwe kabla haijasomwa na mjuzi. Picha za zamani na ziandikwe nyuma, kwa penseli nyepesi, jina la aliyemo, mahali na mwaka, wazee wakingali hai wa kutuambia. Karatasi zisibandikwe kwa gundi ya utepe wala zisiwekwe penye unyevu. Na anayekwenda nyumbani asishawishike kununua sahani au mlango wa kale na kuuleta huku. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kuondosha vitu vya kale nchini bila ya kibali, na aibu ya kuubomoa mji wetu kwa mikono yetu ni kubwa kuliko faini.

Juu ya yote, tuwafundishe watoto kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wengi wao wanazijua tayari herufi hizo kutoka madrasa. Kilichobaki ni hatua ndogo tu. Sisi tumeanza na ile barua moja. Binti yetu mwenye umri wa miaka 11 alichukua jioni tatu kuisoma, na alipofika kwenye jina la yule mtoto, alilisoma kwa sauti mara mbili. Tangu siku hiyo jina hilo limo katika dua zetu.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumekwenda mbali, nasi hatujui nani kati yetu atarejea. Basi na tuhakikishe kwamba atakayerejea, awe mtoto au mjukuu, atakuta kilichoandikwa na ataweza kukisoma.

Wabillahi tawfiq.