Kabla Hujapanda Mtumbwi

Leo tunazungumza na ninyi mnaotoka Osukuru, Tororo na Busia kwenda Majanji, au Sio Port upande wa Kenya, kununua samaki ama kusafiri kwa mtumbwi.

Wengi wetu huku tumezoea Mto Malaba, ambao maji yake huelekea Ziwa Kyoga. Ziwa Victoria ni jambo lingine. Lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na lina upepo wake. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni, na mawimbi hukua alasiri. Usiku hugeuka: upepo wa pande zote hutoka nchi kavu na kukutana katikati ya ziwa, ndipo ngurumo na dhoruba huzuka. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiona wingu jeusi au radi, ngoja.

Ukifika mwaloni, usilipe nauli kwanza. Omba jaketi la kuokolea, livae, funga kamba zote, kisha mtu alivute juu mabegani. Likikupanda hadi masikioni, halikufungwa vizuri. Mtoto apewe la kipimo chake. La mtu mzima humtoka akianguka majini.

Sasa tazama mtumbwi. Je, kuna kopo la kufulia maji? Je, kuna makasia, hata kama una injini? Injini ikizima, kasia ndilo litakaloelekeza omo kwenye mawimbi. Wimbi likiupiga mtumbwi ubavuni, huupindua.

Panda mmoja mmoja, ukiinama, ukikanyaga katikati. Magunia yakae chini, katikati, si juu ya mbao za kukalia. Ukiketi, usisimame tena, hata mkikaribia kufika. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220.

Mtumbwi ukipinduka, ushike. Ule wa mbao mara nyingi huelea hata ukijaa maji. Usijaribu kuogelea hadi ufukweni. Unaonekana karibu, lakini nguvu huisha njiani.

Mama, baba, tunajua soko halingoji, na kumwambia nahodha “umejaza mno” si rahisi. Lakini kabla hujalipa, neno lako lina uzito. Wakisema watu wawili watatu pamoja, nahodha atapunguza. Asipopunguza, shuka, usubiri mwingine. Samaki wa leo wakikupita, kesho wapo.

Kipindi kijacho tutaeleza namna ya kumsaidia mtu aliyetolewa majini. Hadi hapo, kwaheri.