Risasi ndizo huamua bunduki ya mfugaji Turkana

Bunduki isiyo na risasi haimfai mchungaji kuliko rungu, na katika malisho yaliyo kati ya Kakuma na mipaka ya Uganda na Sudan Kusini, jambo hilo lina uzito kuliko aina ya bunduki yenyewe. Askari wa akiba anayelinda mifugo hana nafasi ya kuchagua silaha kama mwindaji wa kitalii achaguavyo. Hushika ile ambayo risasi zake zinapatikana.

Kwa asiyezoea, silaha hizo hufanana. AK-47 na G3 zote hutajwa kuwa za milimita 7.62. Lakini ganda la risasi ya AK-47 lina urefu wa milimita 39, ilhali la G3 lina milimita 51 na hubeba baruti nyingi zaidi. Ya huku haiingii kule. Mark 4, bunduki ya Kiingereza ambayo askari wa akiba wa Kenya waliitumia kwa miaka mingi, ina risasi yake nyingine kabisa, ya .303. Kwa hiyo wanaume watatu wa kambi moja wenye bunduki tatu za aina hizo hawawezi kuazimana hata risasi moja wavamizi wanapofika.

Je, hawawezi kuyaokota maganda na kuyajaza upya? Huko Marekani wawindaji wengi hufanya hivyo nyumbani. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Mwindaji huing'oa fataki iliyokwisha kulipuka, hulirudishia ganda umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani ndogo, kisha hukikandamiza kichwa mahali pake. Hupunguza gharama, na hupata risasi zinazopiga pale pale alipolenga kwa darubini. Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kibali unaendelea, mwenye gobore naye hujaza baruti na marisau kwa mkono, ila yeye hupitishia mdomo wa mtutu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa kisheria. Hata hivyo, kizuizi cha kwanza kiko kwenye ganda lenyewe. Maganda mengi ya AK-47 ni ya chuma, si ya shaba, na hayastahimili kukunjwa na kukunjuliwa. Aidha, fataki zake ni za mtindo wa Berdan: ganda lina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja cha katikati, hivyo msumari wa kuisukuma fataki nje haupiti. Berdan alikuwa Mmarekani, na Boxer, aliyebuni mtindo wa kitundu kimoja, alikuwa Mwingereza. Ajabu ni kwamba raia wa Marekani ndio walioukumbatia ule wa Boxer.

Tena kuna joto. Mjini Lodwar joto la mchana hukaribia nyuzi 35 mwaka mzima. Baruti iliyopashwa na jua huwaka kwa shinikizo kubwa zaidi, jambo lililowasumbua wawindaji wa enzi ya ukoloni, ambao maganda yao yalikwama ndani ya bunduki. Kuhusu darubini, adhuhuri kwenye tambarare za Turkana huwa haina msaada mkubwa, kwa maana hukuza mazigazi pamoja na shabaha.

Basi risasi lazima zitoke kiwandani, na kiwanda huacha alama. Kwenye kitako cha ganda hupigwa chapa ya mtengenezaji na, mara nyingi, mwaka. Zile za kiwanda cha serikali cha Eldoret, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa mitambo ya kampuni ya FN ya Ubelgiji, huwa na herufi KOFC.

Herufi hizo ndizo zilizozua mjadala. Mwaka wa 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilichapisha uchunguzi wa James Bevan kuhusu kaskazini mwa Turkana. Ulieleza kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya. Uchunguzi huo haukusema zimeibwa. Ulisema jamii ilipewa ijilinde dhidi ya wavamizi wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa vyombo vya dola havikutosha kuilinda. Wakarimojong wa upande wa Uganda, kwa mfano, walikuwa wamejipatia silaha nyingi kutoka kambi ya jeshi ya Moroto utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka wa 1979.

Tangu hapo serikali imesitasita. Mwaka wa 2019 iliwanyang'anya askari wa akiba bunduki zao, na katika operesheni iliyoanza Februari 2023 katika kaunti sita, Turkana ikiwemo, ikawarudia tena.

Ila chapa ina mipaka yake. Hutaja kiwanda na mwaka, bali haitaji kituo kilichokabidhiwa risasi. Nambari ya fungu huandikwa kwenye sanduku, na sanduku likishafunguliwa ushahidi huo hupotea. Brazil iliamua katika sheria yake ya mwaka wa 2003 kwamba risasi za vyombo vya usalama zipigwe nambari ya fungu kwenye ganda. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalionyesha fungu UZZ-18, lililouzwa kwa polisi wa serikali kuu mwaka wa 2006. Kwenye ganda lenye herufi KOFC na mwaka tu, lililookotwa kando ya kisima cha Kakuma, mpelelezi hawezi kusoma lilitoka ghala gani.