Nafuu kwa Nani? Ubia wa Sekta ya Umma na Sekta Binafsi katika Ujenzi wa Makazi: Gahanga na Jiji la Kigali

Gahanga ni umurenge ulioko kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Kicukiro, kando ya barabara iendayo Bugesera, ambako uwanja mpya wa ndege wa kimataifa unajengwa. Ni ukingo wa jiji: mashamba na viwanja vya nyumba vinapakana, na kila barabara inayowekwa lami hupandisha thamani ya ardhi iliyo jirani. Katika maeneo ya namna hii ndipo istilahi "nyumba za gharama nafuu" inapojaribiwa.

Nchini Rwanda ubia huu unatawaliwa na Sheria Na. 14/2016, pamoja na maagizo ya Waziri Mkuu ya mwaka 2015 na 2017 kuhusu msaada wa serikali kwa miradi ya makazi nafuu. Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Serikali hugharimia miundombinu, yaani barabara, maji, umeme na mitaro. Mwekezaji huleta mtaji na kujenga. Benki humkopesha mnunuzi. Gharama ambayo mwekezaji ameepushwa nayo inatarajiwa kuonekana katika bei ya nyumba. Ugumu umo katika neno "inatarajiwa".

Kinyarwanda husema "inzu ziciriritse", nyumba za kadiri, na sifa hiyo huielezea nyumba yenyewe. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, husema "nafuu", neno lile lile la mgonjwa aliyepata ahueni. Hapo lazima awepo mtu wa kuipata nafuu hiyo. Tofauti hii si ya wanaleksikografia peke yao.

Utafiti wa mahitaji ya makazi uliofanyiwa Jiji la Kigali mwaka 2012 ulikadiria kwamba nyumba 344,068 zingehitajika kufikia 2022. Kati ya hizo, 186,163 ziliwekwa katika kundi la nafuu, lililokusudiwa kaya zenye kipato cha mwezi kisichozidi faranga 200,000. Mpango wa mikopo wa Gira Iwawe, unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, ulipoanza uliweka ukomo wa kipato wa faranga 1,200,000 na riba ya asilimia 11. Neno ni moja, ila mnunuzi amebadilika.

Hesabu inaonyesha sababu. Mkopo wa faranga milioni 40 kwa riba hiyo, ukilipwa kwa miaka 20, unadai takriban faranga 413,000 kila mwezi, kiasi kinachozidi kidogo theluthi moja ya kipato cha 1,200,000. Riba ingekuwa asilimia 17, marejesho yangefikia takriban 587,000. Hivyo unafuu wa riba ni wa kweli, wala haufai kubezwa. Lakini kaya ya faranga 200,000, ikitenga asilimia 35 ya kipato chake, inamudu mkopo wa karibu milioni 6.8 tu. Kwa kaya hiyo, hakuna punguzo la riba litakaloziba pengo lililobaki. Inahitaji nyumba ndogo inayojengwa kwa awamu, au ya kupanga, na hizo ndizo mwekezaji anayetaka kurejesha mtaji wake mapema asizozipenda.

Upande wa pili ni mwenye ardhi. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro, huko Busanza, zilijengwa nyumba za kuwahamishia wakazi wa Kangondo na Kibiza, na mwekezaji binafsi alihusika. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani wakidai fidia ya fedha badala ya nyumba; uhamishaji ulikamilishwa mwaka 2022. Nyumba mpya yenye huduma zote haikuonekana kuwa nafuu kwa aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vyake vya nyuma.

Kwa hiyo mkataba wowote wa ubia utakaohusu Gahanga unapaswa kutaja kwa tarakimu kipato cha kaya inayolengwa, sehemu ya nyumba itakayotengewa kaya hizo, bei ya juu kabisa baada ya miundombinu ya umma kuhesabiwa, na hiari ya mwenye ardhi kuchagua fedha, nyumba au hisa katika mradi. Na uandikwe pia katika lugha anayoisoma mwenye ardhi huyo.