Picha Hupotezea Sura Njiani

Msiba ukitokea, familia hutafuta picha ya marehemu ya kuchapisha. Inayopatikana ni ile iliyozunguka kwenye makundi ya simu. Ikikuzwa, uso una ukungu na miraba midogo midogo kama sakafu ya vigae. Lawama anatupiwa mpiga picha, na hilo hunikera, kwa kuwa picha yenyewe ilitoka kamerani ikiwa safi.

Kilichoiharibu ni kubanwa mara kwa mara. Picha nyingi tunazotumiana ni za mfumo wa JPEG, uliotoka mwaka 1992, na kiini chake ni hesabu ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1974. Picha hukatwa miraba ya nukta 8 kwa 8. Badala ya kuandika mwanga wa nukta moja moja, hesabu hupima kila mraba umechanganya kiasi gani cha kila ruwaza kati ya ruwaza 64, kuanzia ile iliyo tambarare hadi ile ya vidoa vilivyosongana. Namba zinazopatikana hugawanywa na kukadirishwa. Zile za ruwaza zilizosongana, zinazobeba nywele, kope na nakshi za kitenge, nyingi huwa sifuri. Rangi nazo hupunjwa kuliko mwanga, maana jicho la binadamu halizitambui kwa makini. Ni ufundi ninaouheshimu sana: faili hupungua hata mara kumi, na mtazamaji haoni tofauti.

Lakini kilichokuwa sifuri hakirudi. Kunakili faili bila kuigusa hakuipunguzii kitu. Balaa ni kuipunguza vipimo, kuchukua picha ya skrini, au kukata ukingo. Ukikata hata nukta tatu za ukingo wa juu au wa kushoto na kuihifadhi upya, mipaka ya miraba yote huhama, na hesabu hufanywa upya juu ya makosa ya mwanzo. Maandishi ndiyo huumia zaidi. Vumbi huzuka kando ya herufi, na namba ya simu kwenye kadi ya mchango wa harusi husomwa kwa kubahatisha. Kadi zitumwe kwa mfumo wa PNG, usiotupa kitu.

Linaloniuma ni simu zinavyouzwa na picha za bibi zikiwa bado ndani, ikabaki nakala ya kundini peke yake. Hamishieni picha asili kwenye diski kwanza. Mkimtumia ndugu, itumeni kama hati.

Kwingineko JPEG imo magazetini, kwenye tovuti, kwenye skana za ofisini. Hesabu ya Ahmed imo pia katika video za MPEG, na aina yake nyingine katika muziki wa MP3.