Mamluki ndani ya chupa ya mitishamba

Kibondo na Kasulu, mpenzi wa soka anaijua dawa ya mamluki: kagua leseni, linganisha picha na sura.

Sasa mtazame kinda anayeota jezi ya Mashujaa ya Kigoma, anauziwa unga wa mitishamba eti unaongeza pumzi. Mzizi ukishasagwa, sura imepotea. Hapo DNA ndiyo leseni: maabara husoma vinasaba vya unga na kuvilinganisha na vya mimea inayojulikana.

Njia hiyo si ngeni nchini. Utafiti uliochapishwa 2020 uliitumia kutambua dawa za mimea zinazouzwa masoko ya Dar es Salaam na Tanga. Huko Marekani, Februari 2015, Mwanasheria Mkuu wa New York alitangaza kuwa ni asilimia 21 tu ya vipimo vya virutubisho kutoka maduka manne makubwa vilivyokuta DNA ya mmea uliotajwa kwenye chupa. Wakosoaji wakajibu kwamba kuchemsha na kukamua mmea huharibu DNA.

Lakini kwa mchezaji, balaa liko kwingine. DNA hutaja mmea, haitaji kemikali. Mjanja akichanganya steroidi humo, kipimo hicho hakioni kitu. Mpaka kipimo cha kemia. Na kanuni za WADA hazina huruma: kilichokutwa kwenye mkojo ni chako, hata kama hukujua. Kifungo chaweza kufika miaka minne.

Chupa isiyojulikana imetoka wapi, ibaki benchi.